Baada ya Kijana Kuanguka: Mjadala wa Katunguru juu ya Moyo, Mpira na Ndugu Waliobaki

Kifo cha ghafla cha moyo, kama madaktari wanavyokieleza, ni kifo kinachomfika mtu asiyedhaniwa kuwa hatarini, ambaye moyo wake husimama ndani ya saa 1 tangu dalili ya kwanza kujitokeza, au ambaye hukutwa amefariki ilhali katika saa 24 zilizotangulia alionekana mzima. Kwa watu wa makamo na wazee kifo cha namna hiyo mara nyingi hutokana na kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu, lakini kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 35 vyanzo vyake ni vya aina nyingine: misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi, hitilafu za kuzaliwa nazo katika umeme unaouongoza moyo kupiga, mishipa ya moyo iliyochipuka mahali pasipo pake, uvimbe wa misuli ya moyo unaofuata homa ya virusi, na, katika nchi kama Uganda, vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya utotoni ambayo haikutibiwa. Utafiti uliofanywa Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2016 uliwahesabu watu wa umri wa mwaka 1 hadi 35 waliokufa hivyo, ukapata takriban 1.3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na hata baada ya maiti kupasuliwa na kuchunguzwa kwa makini, visa 4 kati ya 10 havikupatiwa sababu.

Katunguru ni kijiji cha wavuvi kilichokaa kwenye mfereji wa Kazinga, maji yanayoliunganisha ziwa George na ziwa Edward ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na daraja lake ndilo linaloivusha barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese. Mgonjwa wa huko anayehitaji hospitali hupelekwa Kasese mjini, au Kagando, au Bwera karibu na mpaka wa Congo. Anayehitaji bingwa wa moyo huelekezwa Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 300. Mahali pa aina hiyo ndipo panapofaa kuuliza swali ambalo nchi tajiri zimelijadili kwa miaka mingi bila kukubaliana, yaani ni nani apimwe moyo kabla ya kuanguka, na nini kifanywe baada ya kijana kuwa tayari ameanguka. Sauti nne zinazosikika hapa si za watu mahususi. Ni hoja nne zilizopewa nafasi za watu wanaokutana kila siku katika kijiji cha wavuvi: mwalimu wa michezo, ofisa tabibu ambaye wanakijiji humwita Daktari, muuguzi wanayemwita Sista, na mzee wa mwalo, yaani mmoja wa wazee wanaosimamia ufuko ambako mitumbwi huegeshwa na samaki hupimwa.

Mwalimu ndiye anayefungua, na hoja yake ina uzito wa mtu anayetia sahihi kila timu ya shule inapokwenda kwenye mashindano. Anakumbusha kwamba Italia ilitunga sheria mwaka 1982 ya kumpima kila mwanamichezo kabla ya kuruhusiwa kushindana, na kwamba kipimo chenyewe si cha kutisha: vishikio hubandikwa kifuani na mikononi, na mashine huuchora umeme wa moyo kwenye karatasi kwa dakika chache bila maumivu yoyote. Katika mkoa wa Veneto, ambako wanamichezo walifuatiliwa tangu mwaka 1979 hadi 2004, vifo vya ghafla miongoni mwao vilishuka kutoka 3.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka hadi 0.4. Anamtaja Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, ambaye uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kwa kurithi. Anamtaja pia mchezaji kijana wa Mbao FC ya Mwanza aliyeanguka na kufariki wakati wa mechi ya vijana kwenye uwanja wa Kaitaba, Bukoba, mwezi Desemba 2016, kwa kuwa Bukoba si Ulaya na hakuna anayeweza kusema kwamba mambo haya ni ya mbali. "Daktari," anauliza, "ikiwa karatasi ile inaweza kumwonya mtoto wa Veneto, kwa nini mtoto wa Katunguru anyimwe?"

Daktari hapuuzi swali hilo, ila anaeleza kwamba takwimu za Italia hazikukubaliwa na wote. Israel ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 1997, na watafiti walipolinganisha miaka iliyotangulia na iliyofuata hawakuona vifo vikipungua. Uingereza iliwapima vijana 11,168 wa vilabu vya soka kati ya mwaka 1996 na 2016, ikawabaini 42 wenye maradhi yanayoweza kuua ghafla, jambo ambalo kwa hakika liliwanusuru baadhi yao. Lakini kati ya wachezaji 8 waliokufa baadaye kwa maradhi ya moyo, 6 walikuwa wamepimwa na kuambiwa kwamba wako salama. Zaidi ya hayo, karatasi ile husomwa kwa macho yaliyofunzwa kwa mioyo ya Wazungu: vijana wengi wa Kiafrika wanaofanya mazoezi makali wana michoro ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ugonjwa, na ni mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 uliosisitiza kwamba baadhi ya michoro hiyo ni ya kawaida kwao. Anayepima watoto wa shule nzima kwa mashine moja na msomaji asiyezoea atawapata wachache walio wagonjwa kweli, na pamoja nao atawapata wengi zaidi ambao ni wazima, watakaozuiwa kucheza na kuitwa wagonjwa wa moyo, ilhali wazazi wao watauza nyavu ili wapate nauli ya kwenda Kampala kuthibitisha kwamba hapakuwa na kitu.

Hapo inafaa kusema wazi kwamba Daktari ana haki katika hesabu, lakini hajamjibu Mwalimu. Kukataa kipimo kibovu hakumpi mzazi chochote cha kushika, na mjadala wa nchi tajiri umekuwa na tabia ya kuishia hapo hapo, pande mbili zikirushiana asilimia, kana kwamba njia ni mbili tu, ama mashine kwa kila mtoto ama kukaa kimya.

Mzee wa mwalo anaingilia kwa malalamiko tofauti kabisa. Anasema kwamba kijana anapoanguka kutoka mtumbwini wakati wa kuvuta wavu, na akatolewa majini akiwa amekwisha kufa, wapo wanaosema ameuawa na maji, wapo wanaosema amelishwa sumu na aliyemwonea kijicho, na wapo wanaotaja uchawi, na kila neno katika hayo huacha ugomvi kati ya nyumba mbili ambao hudumu miaka. Hatetei uchawi; anachouliza ni kwa nini hospitali haina neno bora zaidi la kutoa. Karatasi inayoletwa husema kwamba moyo ulisimama. "Daktari, mwanangu," anasema, "hakuna maiti iliyozikwa hapa ambayo moyo wake haukusimama. Hilo kila mfiwa analijua."

Katika mjadala mzima hakuna hoja inayouma kuliko hiyo, na Daktari anaikubali. Anaeleza kwamba moyo hupiga kwa sababu ya umeme mdogo unaoanzia juu na kushuka hadi chemba za chini zinazosukuma damu, na kwamba baada ya kila pigo misuli huhitaji muda wa kujichaji upya. Kuna watu waliozaliwa na kasoro inayourefusha muda huo, hali ambayo wataalamu huiita muda mrefu wa QT kwa kufuata herufi zinazowekwa kwenye mchoro. Kwao pigo jipya likija wakati mbaya, chemba za chini huacha kusukuma na kubaki zikitetemeka, damu haifiki kichwani, na mtu huanguka ndani ya sekunde chache. Aina ya kwanza ya hitilafu hiyo huamshwa hasa na mazoezi makali, na miongoni mwa mazoezi yote kuogelea ndiko kunakojulikana sana kuichochea. Aina ya pili huamshwa na mshtuko, kama vile kelele ya ghafla inayomzindua mtu usingizini. Baadhi ya vijana wanaojua kuogelea vizuri, na ambao hata hivyo huzama mahali pasipo na mkondo wala kiboko, huenda hawakushindwa na maji. Haiwezekani kusema hivyo juu ya kila aliyezama Kazinga, kwa sababu maji ya huko yana hatari za kutosha zisizohitaji maelezo ya moyo. Ila inawezekana kusema kwamba pasipo mtu wa kuuliza, hakuna hata mmoja atakayejulikana.

Kisha Sista anaongeza jambo ambalo Daktari amelisahau. Mtu ambaye damu imekatika kufika kichwani huweza kukakamaa na kurukaruka viungo, na anayetazama humwita mwenye kifafa. Magharibi mwa Uganda watu wana sababu ya kweli ya kufikiria kifafa kwanza, kwa kuwa tafiti zilizofanywa Kabarole, wilaya jirani, zilionyesha kwamba kifafa kilikuwa kingi katika vijiji vilivyosumbuliwa na minyoo inayoenezwa na inzi wa mitoni, ile ile inayosababisha upofu. Kijana anayepewa jina hilo huondolewa mtumbwini, hupewa vidonge vya kifafa ambavyo havigusi moyo, na siku moja hukutwa amekufa. Tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kuulizwa na mtu asiye na chombo chochote mkononi. Anayeanguka kwa sababu ya moyo mara nyingi huanguka katikati ya kukimbia, kuogelea, kugombana au kushtuka, hupauka, na akizinduka hurudiwa na akili haraka; aliyeshikwa na kifafa mara nyingi hubaki amechanganyikiwa na kusinzia kwa muda mrefu, na pengine ameuma ulimi pembeni. Dalili hizi si hukumu, maana zipo hali zinazochanganya, lakini zinatosha kuamua ni nani apelekwe kwanza kwenye mashine moja iliyopo badala ya kuwapanga watoto wote foleni.

Mwalimu anatulia kidogo, kisha anauliza kama anatakiwa sasa kuwa mpelelezi wa watoto wanaozirai. Daktari anamjibu kwamba ndivyo hasa, na kwamba maswali ni machache: kama mtoto amewahi kuzirai akiwa mbioni au majini, kama hupata maumivu ya kifua au kuhema kupita wenzake, kama moyo humwenda mbio bila sababu, na kama katika ukoo yupo aliyekufa ghafla kabla ya kufika makamo, hata kama kifo chake kiliitwa kuzama, kifafa au sumu. Kuzirai kwa kusimama juani kwa muda mrefu katika mstari wa asubuhi ni jambo la kawaida na halina uzito huo. Kuzirai katikati ya mbio kunadai barua ya rufaa siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, Sista haridhiki kwamba mjadala umefika mahali penyewe. Kwa maoni yake, wanaume watatu wamezungumza kwa kirefu juu ya maradhi adimu huku wakiliruka lile linalojaza wodi. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akipata vidonda vya koo vinavyoletwa na bakteria waitwao streptokoka, na asipotibiwa, kinga ya mwili wake inaweza kukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Wiki chache baadaye huja homa na maumivu yanayohama kutoka goti hadi kifundo na kutoka kifundo hadi kiwiko, hali inayoitwa homa ya baridi yabisi, na mama humkanda mtoto kwa maji ya moto akidhani ni kukua. Homa ikirudi mara kwa mara, vali za moyo, yaani vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, hukakamaa au huvuja, chemba zilizo nyuma yake hutanuka, mdundo huvurugika, damu huganda ndani ya moyo, na msichana ambaye hakuwahi kujua kwamba ni mgonjwa hugundulika akiwa mjamzito, pumzi zikimwishia, au hagunduliki kabisa. Watafiti waliowapima wanafunzi 4,869 wa Kampala kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachoitwa eko ambacho huuonyesha moyo ukicheza kwenye skrini, walitangaza mwaka 2012 kwamba karibu asilimia 1.5 walikuwa na uharibifu wa vali, na kwamba eko iliwaona takriban mara tatu ya wale walioweza kusikika kwa chombo cha kusikilizia kifua. Watoto hao walikuwa madarasani, wakicheza na kukimbia.

Mwalimu analishika neno hilo kwa furaha ya haki, akisema kwamba Sista ametetea upimaji ule ule ambao Daktari ameukataa. Jibu la Sista ndilo kiini cha mjadala huu. Kinachotofautisha vipimo hivyo viwili ni kile kinachofuata baada ya jibu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao wa Marekani waliwapima zaidi ya watoto 100,000, wakawachukua 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na uharibifu wa awali usio na dalili. Nusu yao wakachomwa sindano ya penisilini ya benzathine kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu hawakuchomwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Dawa yenyewe ni ya kale na ya bei ndogo, na Mbarara, ambako ndiko barabara ya Katunguru inakotokea, ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza nje ya Kampala kufunguliwa daftari la kuwasajili na kuwafuatilia wagonjwa wa aina hiyo.

Daktari anatia tahadhari ambayo haifai kupuuzwa. Ukiitazama hesabu ya Gulu kutoka upande wa pili, zaidi ya 9 kati ya 10 ya wasiochomwa hawakuzidiwa ndani ya miaka hiyo miwili, kwa hiyo ni lazima watoto 13 au 14 wachomwe sindano inayouma, kila baada ya wiki nne, ili mmoja aepushwe. Na dawa ikikosekana stoo kwa miezi mitatu, ahadi yote huvunjika. Sista anamjibu kwamba kukosekana kwa dawa ni hoja ya kuileta dawa. Anachokiogopa yeye ni kitu kingine: minong'ono kwamba sindano hiyo huua. Nayo haikutoka hewani. Wapo wagonjwa waliokufa dakika chache baada ya kuchomwa, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba walikufa kwa mzio wa penisilini, jambo lililowatia wauguzi hofu na kuwafanya wengine wakatae kuchoma. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo uliosema kwamba vifo vingi vya namna hiyo huelekea kuwa vya moyo uliokwisha kuchoka, ulioshindwa kuhimili maumivu na kushuka kwa ghafla kwa shinikizo la damu, na kwamba mgonjwa ambaye vali zake zimeharibika vibaya au ambaye moyo wake umedhoofika apewe vidonge badala ya sindano, huku wengine wakiendelea na sindano wakiwa wamelala, wamekula na kunywa maji. Mtu akiwaeleza hivyo wazazi wa vijiji vya Kasenyi au Hamukungu, anasema Sista, atakuwa ameitetea dawa kwa ukweli. Akiwaambia kwamba hapajawahi kufa mtu, watajua kwamba anawadanganya.

Pembeni ya hoja hiyo lipo jambo jingine la Uganda. Mwaka 1948 Jack Davies, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti huko Mulago, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani ya moyo hugeuka kovu nene linalozizuia chemba zisitanuke, na tangu hapo umeonekana kwa watoto na vijana maskini wa nchi za joto. Minyoo, lishe duni, na hata muhogo vimeshukiwa bila kuthibitishwa, na kwa kuwa bundu, yaani ugali wa muhogo, ndilo chakula cha Wakonzo wengi wa Kasese, inapasa kusema bila kigugumizi kwamba hakuna ushahidi unaomruhusu mtu kumwondolea mtoto sahani yake.

Juu ya mikono ya kumwokoa aliyekwisha kuanguka, wote wanne wanakubaliana haraka, ndiyo maana hapahitaji maneno mengi. Kila dakika inayopita baada ya moyo kusimama bila kushtuliwa kwa mashine hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na hakuna gari la wagonjwa litakalofika Katunguru kutoka Kasese ndani ya dakika hizo. Fabrice Muamba, mchezaji wa soka mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London tarehe 17 Machi 2012, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe na bado akapona, kwa sehemu kubwa kwa sababu kifua chake kilianza kukandamizwa tangu mwanzo. Anayeanguka, asiyeitika na asiyepumua sawasawa, akandamizwe katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama; kukoroma kwa mbali kwa mbali si kupumua, na kummwagia maji kunapoteza muda. Aliyetolewa majini aanze kupulizwa pumzi mdomoni, kwa maana yeye alikosa hewa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mwaka 2015 pendekezo la kuwafundisha watoto wa shule kuanzia miaka 12 ustadi huo kwa saa 2 tu kila mwaka, na Mwalimu anasema hilo analiweza muhula huu. Mashine ya kushtua moyo, ambayo FIFA iliitia ndani ya mkoba wa dharura uliogawiwa vyama vyote vya soka mwaka 2013, inabaki ndoto ya kijiji, na betri na vibandiko vyake huisha muda hata visipotumika. Mikono iliyofunzwa inatangulia.

Ugomvi unarudi linapokuja swali la ndugu waliobaki. Daktari anatoa pendekezo ambalo, kwa mizani yoyote, ndilo bora kuliko yote yaliyosemwa. Mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Congo na familia yake alipokelewa Kagando, akahamishiwa Bwera, ambako alifariki kwa Ebola. Na wilaya ya Kasese, ndani ya siku chache, ilikuwa na orodha ya watu waliomgusa yeye na jamaa zake, kila mmoja akitembelewa kwa siku 21. Kumbe wilaya inajua namna ya kutoka kwa marehemu kwenda kwa walio hai. Maradhi mengi ya kurithi ya moyo yana sheria rahisi: mtoto wa mwenye kasoro ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipokea, hivyo kijana mmoja akifa ghafla, kaka na dada zake ndio wanaostahili kipimo cha umeme wa moyo kabla ya mwanafunzi mwingine yeyote. Na baadhi yao, hasa wenye muda mrefu wa QT wa aina ya kwanza, hulindwa vizuri kwa propranololi, kidonge cha bei nafuu kinachotumika pia kwa kipandauso, alimradi mtu hana pumu, pamoja na katazo la kuogelea peke yake na la baadhi ya dawa zinazorefusha muda huo, zikiwemo erithromaisini na kwinini, ambazo zisitolewe kabla ya tabibu kuambiwa. Hapo mashine aliyoidai Mwalimu inapata kazi yake: iwe moja, hospitalini, pamoja na mtu anayejua kuisoma, ikiwasubiri waliozirai na waliofiwa.

Mzee hapokei kwa urahisi. Anasema kwamba aliyefuatiliwa wakati wa Ebola alitazamwa kama aliyebeba mauti, hata siku 21 zilipokwisha, na sasa Daktari anataka kuiwekea alama nyumba nzima, tena alama isiyokwisha, kwa kuwa damu haibadiliki. Binti wa nyumba hiyo ataolewa na nani, na kijana wake atachukuliwa na mtumbwi wa nani? Daktari anamweleza kwamba alama tayari ipo, kwa jina la uchawi au kifafa, na kwamba jina hilo halina kidonge. Mzee anafikiri, kisha anatoa masharti. Maswali yasiulizwe msibani, ila matanga yakishaondolewa. Aulize Sista, pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji ambaye familia inamjua, na aulize ndani ya nyumba, pasipo mwenyekiti wala daftari la wazi. Maiti isipasuliwe bila wazazi kukubali, na wakikataa wasitishwe, kwa sababu masimulizi ya mama juu ya alivyoanguka mwanawe yanaweza kufaa kuliko kisu. Na ndugu wakipatikana wazima, habari hiyo itangazwe kwa sauti ile ile ambayo fitina ilitangazwa nayo.

Daktari anayakubali yote isipokuwa lile la maiti, akisema kwamba misuli iliyonenepa au mshipa uliochipuka vibaya hauonekani kwa masimulizi, na kwamba familia inayokataa leo inaweza kuzika jibu la mtoto wa pili. Mzee hasogei. Mwalimu naye, baada ya kuandika maswali manne ya Daktari kwenye daftari la timu, bado anasisitiza kwamba wachezaji wanaochaguliwa kwenda kuiwakilisha wilaya wapimwe kwanza, hata kama ni kumi na wanane tu, na Sista anamwambia kwamba kama fedha hizo zipo, ziletwe kwanza kwenye penisilini, kisha watazungumza.